Mbwa Mzee Halii: Jinsi ya Kuyaona Maumivu Anayoyaficha

Kazi yangu ni kumsaidia daktari wa mifugo. Nawapandisha mbwa kwenye mizani, nawashika mezani wakipimwa, nawafunga mdomo wale wakali, na katikati ya hayo yote nawasikiliza wenye mbwa. Maneno ninayoyasikia kuliko yote, tena kutoka kwa watu wanaowapenda mbwa wao kwelikweli, ni haya: "Haumwi huyu, ni uzee tu." Ukiwauliza wamejuaje kuwa haumwi, jibu ni lilelile. Hajalia, anakula vizuri, mkia anautikisa.

Hayo matatu yatoe kichwani kabla hujaendelea kusoma. Mbwa hulia akikanyagwa, akichomwa na nyuki au mguu ukiteguka ghafla. Maumivu yanayojijenga taratibu kwa miezi na miaka, ya viungo, ya meno, ya mgongo, mara nyingi hayamtoi sauti yoyote. Kula atakula, maana njaa haiulizi nyonga ina hali gani. Nimeshaona mbwa wenye magego yaliyooza hadi kwenye mzizi wakilamba bakuli likabaki jeupe. Mkia nao anautikisa kwa furaha ya kukuona, na furaha na maumivu hukaa katika mwili mmoja bila kugombana.

Kinachomsemea mbwa mzee ni yale aliyoyaacha. Maumivu humpunguzia maisha kipande kwa kipande. Leo haruki tena kitandani, baada ya muda haufuati mpira ukienda mbali, baadaye anakupokea kwa kuinua kichwa tu palepale alipolala. Kila kipande kina kisingizio chake: joto, uvivu, utu uzima. Kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Usimlinganishe na mbwa wa jirani, mlinganishe na yeye mwenyewe alivyokuwa.

## Andika alichoacha

Chukua karatasi, uigawe mara mbili. Upande mmoja andika mambo aliyokuwa akiyafanya miaka miwili iliyopita bila kufikiri: kupanda ngazi, kuruka kwenye gari, kujikuna sikio kwa mguu wa nyuma, kujinyoosha akiamka, kujikung'uta akilowa, kugaagaa chali, kukuletea kitu mchezo ukianza. Upande wa pili andika sasa anafanyaje kila moja. Usiandike "vizuri" wala "vibaya," hayo hayamsaidii daktari. Andika unachokiona: "anasimama chini ya ngazi, ananitazama, anapanda nikimwita mara ya pili."

Kujikung'uta watu hukusahau. Mbwa mzima akitoka majini hujikung'uta kuanzia kichwani hadi ncha ya mkia. Mwenye shingo au mgongo unaouma hutikisa kichwa kidogo akaachia hapo, maji yakadondoka yenyewe. Haja nazo zina mengi ya kusema. Dume aliyekuwa akiinua mguu sasa anakojoa amesimama kwa miguu yote minne. Mwingine anaanza kunya ametulia, halafu anamalizia akitembea, kwa sababu nyonga hazimruhusu kuchuchumaa muda huo wote. Ukikuta kinyesi kimepangwa kwa mstari, usimgombeze, mpeleke akapimwe. Na yule anayeanza kukojoa ndani baada ya miaka ya adabu huenda anashindwa tu kuinuka na kufika nje kwa wakati.

Kumbukumbu ikikugomea, fungua video za zamani kwenye simu. Au muulize ndugu anayemwona mara mojamoja. Anayeishi naye kila siku ndiye wa mwisho kuona. Anza mapema kuliko unavyodhani. Mbwa wa mbegu kubwa huhesabiwa wazee wakifika miaka 6 au 7, wadogo wengi huchelewa hadi 10 hivi.

## Mtazame anapoinuka

Nikiambiwa nichague jambo moja tu la kumtazama mbwa mzee, nitachagua zile sekunde chache anapotoka kulala. Usimwite, usitikise bakuli. Kaa mbali, simu iwe inarekodi, usubiri ainuke kwa hiari yake.

Mbwa asiye na shida huinuka kwa mwendo mmoja. Mwenye nyonga au magoti yanayouma huinuka kwa awamu. Kwanza anabaki tuli, macho yamefunguka, kana kwamba anapiga hesabu ya gharama. Anaikita miguu ya mbele mbali na mwili, anainamisha kichwa na kukisukuma mbele, kisha anajivuta kwa mabega. Nyuma inafuata mwisho. Kwenye sakafu ya vigae utaona vidole vya nyuma vinateleza kwenda nje, anaikusanya miguu, anajaribu tena. Akishasimama haondoki mara moja. Hatua za kwanza ni fupi na ngumu, mgongo umejikunja kidogo, na baada ya dakika chache anaonekana hana neno.

Hapo ndipo watu wanapoponzwa. Viungo vyenye baridi yabisi hukakamaa vikipumzika na kulegea vikipata mwendo. Mbwa anayechechemea akiamka na kutembea sawa baadaye hajapona. Amekuonyesha picha kamili ya ugonjwa wa viungo. Mfuatilie na kesho yake baada ya siku ya michezo mingi. Kama asubuhi ile anaamka mgumu kuliko kawaida, mchezo wa jana ameulipia.

Kulala na kukaa navyo vitazame. Anazunguka akitafuta mkao, anashuka kwa uangalifu hadi nusu, halafu anajibwaga. Akikaa, mguu mmoja wa nyuma anautupa pembeni badala ya kuukunja chini ya mwili. Akisimama mwangalie kwa ubavuni: ameegemea mbele, uzito kaubebesha miguu ya mbele. Akisimama hivyo kwa miezi, umbo lenyewe hubadilika. Mabega yanajaa kwa kazi, mapaja yanakonda. Wenye mbwa hunionyesha kwa fahari, "Kione hicho kifua!" nami napeleka mkono pajani nakuta mfupa.

Angalia pia makucha ya nyuma, hasa yale mawili ya katikati. Yakiwa yamelika kwa upande wa juu, anaburuta miguu, na ukisikiliza kwenye sakafu ngumu utasikia mkwaruzo. Ila hapa uwe makini. Kuburuta kunaweza kuletwa na maumivu, na kunaweza kuletwa na neva za uti wa mgongo zinazokufa, ambazo wakati mwingine haziumi hata kidogo. Akiwa amesimama, mshike tumboni kumtegemeza, kisha ugeuze wayo taratibu ili upande wa juu wa vidole uguse chini. Mwenye neva nzima huurudisha sawa papo hapo. Akiuacha hivyohivyo, mwambie daktari neno kwa neno, kwa sababu tiba yake inakwenda njia nyingine.

## Akitembea

Mwombe mtu amtembeze kwa kamba iliyolegea, mwendo wa mchakamchaka, kwenye ardhi iliyo sawa. Wewe rekodi akija, akienda na akipita mbele yako. Video hiyo ina thamani kuliko maelezo yako yote, maana mbwa akiingia kliniki woga humsahaulisha mguu. Wapo wanaofika wakitembea vizuri hadi mwenye mbwa anaona haya kwa kutusumbua.

Kichwa kina sheria yake: mguu wa mbele ukiuma, kichwa hupanda pale mguu mbovu unapokanyaga na hushuka kwenye ule mzima. Watu wengi hukiona kikishuka wakanyooshea kidole mguu usio na kosa. Kwa miguu ya nyuma simama nyuma yake utazame nyonga. Upande unaouma hupanda na kushuka zaidi kuliko mwenzake. Na kama pande zote mbili zinauma sawa, hutaona kuchechemea kokote. Utaona hatua fupi tu, na ngazi anazipanda kwa kurusha miguu ya nyuma yote miwili kwa pamoja. Hawa ndio wanaoachwa muda mrefu zaidi bila tiba.

## Usiku, kelele na hasira mpya

Mbwa mwenye maumivu hulala vibaya. Anahama kutoka zulia hadi sakafu hadi mlangoni, anatweta wakati hakuna joto, anajilamba sehemu moja, kifundo cha mguu au kiwiko, hadi manyoya yanabadilika rangi au yanaisha. Akiwa usingizini hasa, hesabu anavuta pumzi mara ngapi kwa dakika. Mbwa mzima aliyelala huwa chini ya 30. Ikizidi hapo kila unapohesabu, inaweza kuwa maumivu, inaweza kuwa moyo au mapafu, na kwa vyovyote daktari anataka kujua.

Halafu tabia. Mpole aliyekuwa analaliwa na watoto sasa ananguruma mtoto akimsogelea akiwa amelala. Aliyependa kupapaswa mgongo anaondoka mkono ukifika kiunoni. Mwingine hugeuka kabisa, anakufuata kila chumba na hataki uondoke. Mimi hasira mpya ya uzeeni huichukulia kuwa ni maumivu hadi ithibitike vinginevyo, na sijaona sababu ya kubadilisha msimamo huo.

Woga wa kelele ni dalili inayowashangaza wengi. Mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Lincoln, Uingereza, na São Paulo, Brazil, waliwalinganisha mbwa waoga wa makelele wenye maumivu ya misuli na viungo na wale wasio na maumivu. Wenye maumivu walianza woga huo wakiwa na umri mkubwa zaidi, kwa wastani tofauti ya karibu miaka 4, na wao ndio waliokuwa wakikwepa zaidi mbwa wengine. Inaeleweka ukifikiria: akishtuka, misuli hukaza, na kiungo kibovu kikakazwa nayo. Kwa hiyo mbwa aliyevumilia ngurumo za radi maisha yake yote akianza kujificha uzeeni, mpime viungo.

Kuna na usahaulifu wa uzee, mbwa anakwama kwenye kona, anakodolea ukuta, anageuza usiku kuwa mchana. Huo upo kweli, na unaweza kukaa pamoja na maumivu. Kati ya hivyo viwili, maumivu ndiyo yanayojaribika kwa dawa, kwa hiyo mimi ningeanzia huko.

## Mdomo, shingo, tumbo

Jino likiuma, mbwa huenda kwenye bakuli kwa shauku halafu anarudi nyuma, anatafuna upande mmoja, anadondosha punje, au anameza bila kutafuna. Mate yana harufu au damu. Uvimbe chini ya jicho mara nyingi ni usaha kwenye mzizi wa gego la juu, usiupake dawa ya macho.

Shingo ikiuma, hainamishi kichwa kula. Inua bakuli hadi usawa wa kifua. Akila vizuri pale, umepata habari ya maana. Ukimwita kutoka pembeni anageuza macho au mwili mzima, shingo anaiacha ilivyo.

Tumbo: anashusha kifua sakafuni huku makalio yakiwa juu, anabaki hivyo, anarudia tena na tena bila kualika mchezo. Hiyo haivumiliwi hadi wiki ijayo. Wala jicho linalofumbwa na kutoa machozi.

## Pitisha mikono

Fanya hivi akiwa ametulia, na kama ana historia ya kung'ata uliache jambo hili kwa daktari. Kaa ubavuni mwake, usimwinamie kwa juu. Anza mahali unapojua anapapenda, kisha pitisha mikono yote miwili pamoja, mmoja kila upande, shingoni, mabegani, ukiteremka kwa kila mguu wa mbele. Rudi mgongoni, bonyeza kidogo kwa vidole viwili pembeni mwa uti wa mgongo hadi kwenye shina la mkia, kisha mapaja.

Mikono inatafuta mambo matatu: tofauti kati ya kushoto na kulia, joto, na uvimbe. Macho yako yasitazame mikono, yatazame uso. Mbwa aliyekuwa anatweta anafunga mdomo ghafla. Analamba midomo. Masikio yanarudi nyuma. Anageuza kichwa kuutazama mkono wako, au ngozi ya mgongo inatetemeka pale ulipobonyeza. Vijambo hivyo vidogo ndiyo kelele zake. Ukiviona, rudi mahali pale baada ya muda, mara moja tu. Akirudia vilevile, andika mahali penyewe na uache. Usikunje wala kunyoosha kiungo kwa nguvu ili kuhakikisha. Hiyo ni kazi ya mezani kwetu, na hata sisi kuna wakati daktari huagiza apewe kwanza dawa ya kumtuliza.

Uvimbe mgumu juu ya mfupa karibu na kiungo, hasa kwa mbwa mkubwa, usiuite baridi yabisi. Saratani ya mifupa huanza hivyo. Apigwe picha ya eksirei wiki hiyohiyo.

## Yasiyongoja asubuhi

Tumbo lililojaa na kukaza huku anajaribu kutapika na hakitoki kitu. Miguu ya nyuma kulegea ghafla. Kujikamua kukojoa bila tone. Fizi nyeupe. Kuanguka. Hayo ni ya kuondoka nyumbani saa hiyohiyo, karatasi na video uziache.

## Kabatini mwako hamna dawa yake

Hili nalisema kila siku na kila siku kuna aliyekwisha kumpa. Ibuprofeni na diklofenaki humtoboa mbwa tumbo na kuua figo. Parasetamoli humharibu ini na chembe nyekundu za damu. Aspirini humletea vidonda vya tumbo, tena ukishampa daktari analazimika kusubiri kabla ya kumwanzishia dawa inayofaa. "Kidogo tu" hakimsaidii, na kama umeshampa, sema ukifika mlangoni: dawa gani, kiasi gani, saa ngapi. Hatukugombezi, tunahitaji kujua.

Mpeleke na karatasi yako na video zako. Kwa maumivu sugu madaktari wana fomu za kujazwa na mwenye mbwa. Ile iliyotungwa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, ina maswali 11, kila moja likipewa alama 0 hadi 4, kuhusu furaha yake, mchezo, kuinuka, kuruka, kutembea. Uliza kama wanayo. Ijaze bila kumtetea mbwa wako, na ijazwe na mtu yuleyule kila mara, la sivyo alama hazilinganiki.

Kama vipimo havijatoa jibu la wazi, daktari anaweza kupendekeza jaribio la dawa: mbwa anapewa dawa ya maumivu iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, mfano karprofeni au meloksikamu, kwa wiki mbili au zaidi, nawe unaangalia nini kinarudi. Kwangu hiki ndicho kipimo kinachowafumbua macho watu. Yule aliyeitwa mzee anatokea mlangoni na kiatu mdomoni. Kabla ya kuanza, kubali apimwe damu kuangalia ini na figo, na utaje kila dawa anayotumia, hasa za jamii ya steroidi, kwa sababu steroidi na dawa hizi za maumivu hazichanganywi.

Uzito nao tuuseme bila kuoneana aibu. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2002 uliwafuata Labrador 48 maisha yao yote, nusu wakilishwa robo pungufu ya wenzao. Waliolishwa kidogo waliishi hadi wastani wa miaka 13.0, wengine 11.2, na ugonjwa wa viungo uliwachelewa. Huku ukipunguza chakula, tandika mazulia yasiyoteleza kwenye njia yake kuu na umkate makucha. Mbwa anayeteleza hukaza mwili siku nzima.

Dawa ikishaanza, mpe pamoja na chakula kama hukuambiwa vinginevyo, na usiongeze dozi siku anayoonekana vibaya. Angalia kinyesi kila siku. Kikiwa cheusi kinachonata, au akitapika, au akikataa chakula, dozi inayofuata usimpe. Mpigie daktari kwanza, hata kama mguu umeanza kukaa sawa.